Chumba cha Kuvulia Viatu

Kavutha alikuwa mtu wa kufuta vumbi miaka mingi kabla hajawa mtu wa kompyuta. Alizaliwa Kathiani, kwenye mteremko unaotazamana na vilima, katika nyumba ambayo ua wake ulinyunyiziwa maji kila asubuhi kabla ya ufagio kuugusa. Mama yake hakuvumilia vumbi liamke. "Vumbi ni kama neno baya," alikuwa akisema, "ukishaliamsha, linamkalia kila mtu." Mtoto alilishika neno hilo, na alipokua, akasomea kazi ya maktaba, akaajiriwa katika maktaba ya umma mjini Machakos, bado alikuwa na tabia ya kupitisha kidole kwenye rafu yoyote aliyopita kando yake.

Wasomaji walimjua kwa kidole hicho. Walimjua pia kwa kutopendelea. Kitabu kikichelewa, kimechelewa, kiwe cha mwanafunzi au cha mwalimu mkuu. Siku hizi watu wa namna hiyo wanaitwa wagumu. Zamani waliitwa waaminifu, na mji uliokosa watu kama hao hujua umewakosa siku mali yake inapoishia nyumbani kwa mtu.

Kompyuta zilikuja mwaka wa elfu mbili na mbili, mvua za vuli zikiwa zimechelewa na upepo ukizungusha udongo mwekundu barabarani. Zilikuwa zawadi ya wafadhili wa ng'ambo, nazo zilikuwa zimekwisha kutumika huko zilikotoka. Kavutha aliyafungua maboksi mwenyewe. Kwenye kibodi, herufi nyingine zilikuwa zimefifia kwa kuguswa, na yeye akasimama pale katikati ya maboksi akiwafikiria wenye vidole hivyo. Ni nani aliyeichosha herufi A? Alikuwa akimwandikia nani? Aliona chumba cha mbali chenye dirisha, mvua nyembamba nje, na mkono mweupe usio na uso ukiandika, ukiandika, hadi mkuu wa maktaba, Bwana Bartholomew, alipomgusa bega na kumwuliza kama alikuwa mgonjwa.

Alipelekwa Nairobi kwa kozi fupi ya kusimamia mitambo hiyo. Mkufunzi wao alikuwa kijana mwembamba aliyesema kwa haraka, na kati ya yote aliyoyasema, Kavutha alirudi na jambo moja limeng'aa kichwani kuliko mengine: maadui wa kompyuta ni vumbi, joto na uvivu. Joto na uvivu aliviweka kando. Vumbi alilijua kwa jina la kwanza.

Basi akaweka sheria. Chumba kilichokuwa stoo ya magazeti kikapakwa rangi nyeupe, sakafu ikasuguliwa ikawa nyekundu na kung'aa kama ganda la kunde lililolowa. Mlangoni seremala akatengeneza rafu ya mbao, na juu yake kukatundikwa kibao: VUA VIATU. Si ajabu, vyumba vingi vya kompyuta nchini vilikuwa hivyo miaka ile. Lakini kwingine sheria ililegezwa kwa mkubwa. Kwa Kavutha haikulegea.

Diwani mmoja alikuja na wageni wake kuona maendeleo. Alifika mlangoni akizungumza, mguu tayari umenyanyuka.

"Viatu, mheshimiwa," Kavutha akasema.

"Viatu vina nini?"

"Vinabaki hapa."

Diwani akacheka, akawageukia wageni. "Huyu mama anadhani nimekuja msikitini."

"Msikitini ungeshavua bila kuambiwa."

Wageni wakatazamana. Bwana Bartholomew akaanza kukohoa kikohozi kisicho na ugonjwa. Diwani akainama, akavua, na dunia ikaona soksi yake ya kushoto, ambayo kidole gumba kilikuwa kimechoka kukaa ndani yake. Akaingia hivyo hivyo. Kufikia saa ya chakula cha mchana, soko zima lilikuwa na habari.

Jumamosi ile mume wa Kavutha, Laban, alifika nyumbani kutoka kiwanda cha saruji cha Athi River, mweupe hadi kwenye kope kama mtu aliyeanguka kwenye pipa la unga. Alisimama mlangoni akijipangusa, kwa sababu na huko nyumbani kulikuwa na sheria.

"Nasikia umemvua diwani," akasema.

"Viatu tu."

"Kuwa mwangalifu. Siku moja utanivua viatu nikipanda kitandani."

"Kwani wewe huwa hujavua?"

Laban akacheka hadi saruji ikamwagika kizingitini, na Kavutha akaenda kuchukua ufagio.

Ndivyo chumba kilivyoanza maisha yake safi, na ndivyo kilivyoanza kuwa kitupu. Wachache waliingia: makarani wa ofisi za wilaya waliovaa soksi nzuri, wanafunzi wa vyuo waliorudi likizo, kasisi mmoja. Waliobaki walifika mlangoni, wakatazama ndani, wakatazama chini, wakakumbuka kwamba wana shughuli mahali pengine.

Kavutha hakuhuzunika. Hapa ndipo kosa lake lilipokaa, na halifai kufichwa: aliupenda utupu ule. Alasiri jua liliingia kwa dirisha la magharibi likapita juu ya mijakaranda, na nuru ikatua sakafuni bila kuonyesha hata chembe moja ikielea. Mitambo ilinguruma kwa pamoja, sauti ya chini, kama mzinga wa nyuki uliotundikwa mbali juu ya mgunga wakati wa maua. Skrini zilipokaa bila kuguswa zilizimika na kugeuka anga la usiku, nyota nyeupe zikaja kutoka katikati, zikakua, zikapita pembeni na kupotea nyuma ya kichwa cha mtazamaji. Kavutha alikaa mbele ya nyota hizo na soksi zake nyeupe, mikono mapajani, akasafiri. Alipita juu ya vilima vya Iveti, juu ya mabwawa yaliyolala kama vipande vya kioo, juu ya bahari asiyoijua, akafika kwenye lile dirisha lenye mvua nyembamba, na mkono ule ukaacha kuandika, ukampungia. Ilikuwa starehe kubwa. Lakini starehe ya mtumishi inayonona kwa sababu wenye mali hawapo, hiyo ni mali ya umma inayoliwa. Mtu anaweza kuiba chumba bila kukihamisha.

Habari mbaya zilikuja Februari. Bwana Bartholomew alimwita ofisini, akafunga mlango, jambo ambalo hakuwa na desturi nalo.

"Ofisi kuu Nairobi wanatuma mtu," akasema. "Anazunguka maktaba zote zilizopewa kompyuta. Kuna mji mwingine unazililia hizi zetu usiku na mchana. Akikuta viti vitupu, Kavutha, lori litakuja."

"Lakini hakuna mji uliozitunza kama sisi. Hazina hata mkwaruzo."

"Hilo ndilo linalonitia hofu. Kitu kisicho na mkwaruzo kimetumiwa na nani?"

Alitoka. Aliingia chumbani mwake, akaona lori likirudi nyuma hadi mlangoni, wapakiaji wakikanyaga sakafu yake kwa buti, nyaya zikining'inia kama matumbo. Akaamua kupigana. Aliandika matangazo, akayapeleka makanisani, ya Wakatoliki na ya Waprotestanti, yakasomwa baada ya mahubiri: kompyuta ni za wananchi, kujifunza ni bure, karibuni wote. Na watu wakaja! Walikuja hadi mlangoni. Wakasimama. Wakatazama chini. Wakaondoka.

"Wanaogopa mashine," alimwambia Laban.

"Watu wa Machakos waogope mashine? Juzi mtu wa hapo Muthini aliifungua injini ya trekta akiwa amelewa, na akairudisha."

"Basi wanaogopa nini?"

"Labda wewe," Laban akasema, akaona uso wake, akaongeza upesi, "nimetania, Mama."

Siku chache baadaye, katika joto la baada ya chakula, usingizi ulimkamata kwenye kiti chake mbele ya nyota. Aliota sakafu yake ni mto. Maji yalikuwa mekundu na ya kina kifupi, yakienda polepole bila sauti. Ng'ambo aliyokuwa yeye, zile skrini zilisimama kwenye mchanga kama madirisha ya nyumba yenye taa. Ng'ambo ya pili mji wote ulikuwa umesimama: wauza nyanya, makondakta, wanawake wa kwaya, wazee wa kanisa, kila mmoja ameshikilia viatu vyake kifuani kama mtu anayebeba mtoto. Aliwaita. Walimsikia, kwa maana waliinua vichwa. Lakini hakuna aliyetia mguu majini. Maji yalikuwa safi mno. Yangeonyesha kila kitu. Alipoamka, mwanamke alikuwa amesimama mlangoni.

Alimjua kwa sura. Mwanamke huyo alikuwa akija siku za soko, kiondo cha maparachichi mgongoni, mshipi wake umepita juu ya kitambaa cha kichwa. Kila mara alisimama pale pale, akasema atarudi.

"Karibu, mwaitu," Kavutha akasema, akimwita mama kwa Kikamba, kwa kuwa alimzidi umri. "Vua viatu uingie."

"Ee, nitarudi," akajibu yule mwanamke, akageuka.

Safari hii Kavutha alimfuata. Alitoka na soksi zake hadi nje kwenye changarawe, bila kufikiri, na kumkuta ameketi kwenye benchi karibu na mfereji, akifungua mshipi wa kiondo.

"Mwaitu, hizi mashine haziumi."

"Najua haziumi. Si mbwa." Mwanamke alimtazama soksi. "Utachafua hizo."

Jina lake lilikuwa Ngina, mkulima wa Kathiani, upande wa juu kuliko alikozaliwa Kavutha. Binti yake, Mwikali, alikuwa amekwenda Uingereza kusomea uuguzi. Kabla ya kuondoka alimfungulia mama yake sanduku la barua ndani ya kompyuta, akamwambia: nikifika nitaandika humo, kwa sababu posta inapoteza na simu ni ghali.

"Na umeshasoma?"

"Nitasomaje na sijaingia? Barua zake ziko humo ndani tangu Krismasi. Mimi nakuja nazitazama kutoka mlangoni, narudi. Hata jina la sanduku nimelishika kwa kichwa. Na neno la siri ni jina la ng'ombe wetu, ni—"

"Usiniambie, mwaitu! Ni la siri."

"Siri gani? Kathiani yote inamjua huyo ng'ombe. Amekula mahindi ya kila mtu."

Kavutha alicheka, halafu akauliza, kwa sauti ya chini: "Basi kwa nini huingii?"

Maua ya mjakaranda yalikuwa yameanguka kwenye maji ya mfereji na yalizunguka taratibu, na wote wawili waliyatazama.

"Si ni wewe ulimvua diwani viatu?"

"Ni mimi."

"Sokoni tulicheka mpaka tukalia. Yule mwenye kuuza nyanya alianguka juu ya nyanya. Halafu tukanyamaza, kila mtu akatazama miguu yake. Diwani ana soksi yenye tundu, na dunia imejua. Sisi wengine hata soksi yenyewe hatuna. Kimeu wa duka la vyuma alitaka kuandika barua ya kuomba kazi; ameacha. Anasema miguu yake inanuka kama mbuzi dume, na ni kweli, nimekaa naye kanisani."

Kisha akainama, akavua kiatu kimoja cha plastiki, akaunyoosha mguu juani. Kisigino kilikuwa na magaga marefu, mekundu ndani. Vidole viwili havikuwa na kucha, na kidole kidogo kilikuwa kimeliwa kikabaki kama punje.

"Funza," akasema. "Nikiwa mtoto. Mungu anaujua mguu huu, na marehemu mume wangu aliujua. Sasa na wewe. Lakini nisiuweke kwenye ile sakafu yako ing'aayo, watoto wa chuo wakae wakiutazama. Hapana. Afadhali nisisome."

Kavutha alihisi aibu ikimpanda kutoka kwenye changarawe, ikapita soksini hadi shingoni. Miezi yote hiyo alikuwa amelinda chuma dhidi ya udongo, na udongo wenyewe ulikuwa ni wa miguu ya watu hawa, ambao chuma kiliwekwa pale kwa ajili yao. Sheria inayokitunza kitu na kumwaibisha mwenye kitu imeshageuka dhuluma, hata kama iliwekwa kwa moyo safi.

"Vaa kiatu, mwaitu. Twende."

Ngina alivaa. Walipofika mlangoni alisita. "Unanificha? Unaniingiza kwa siri kama mwizi?"

Ni kweli, hilo ndilo wazo la kwanza lililomjia Kavutha: amwingize huyu mmoja, leo tu, chumba kikiwa kitupu. Wengi wangefanya hivyo na kujiita wema. Lakini alikuwa ameishi maisha yake yote akijua upendeleo ni nini. Ni mlango mdogo wa nyuma wa wizi, na anayeupitia kwa huruma leo, kesho ataupitia kwa hongo.

"Sikuingizi peke yako," akasema.

Alivuta kiti, akapanda, akakishika kile kibao kwa mikono miwili. Misumari ilikuwa imara. Seremala alikuwa ameifanya kazi yake. Alipokivuta kilitoka na kipande cha plasta, na unga mweupe ukaanguka juu ya sakafu yake, na moyo wake ukaruka kama mtu aliyevunja sahani ya mwenyewe.

Bwana Bartholomew alitokea kwa kelele ile. "Kavutha! Unafanya nini? Mkaguzi anakuja!"

"Ndiyo sababu."

"Na vumbi je? Si wewe uliyesema litaziua?"

"Litaziua, kama nitakaa kwenye kiti. Vumbi ni kazi yangu, bwana. Halikuwa kazi ya wageni."

Ngina aliingia na viatu vyake. Aliandika jina la ng'ombe kwa kidole kimoja, akitafuta kila herufi kana kwamba anachagua mbegu. Modemu ililia kilio chake kirefu kwenye laini ya simu, na barua zikashuka, moja nyuma ya nyingine. Alizisoma kwa sauti, pole pole, kama unavyosomwa Waraka wa Mtume: kwamba huko kuna baridi, kwamba nyumba zote zinafanana, kwamba Mama mbona hujibu, nimekukosea nini? Hapo akapangusa macho kwa ncha ya kitambaa, akamgeukia Kavutha kwa ukali.

"Niambie, herufi ya M iko wapi?"

Siku ya soko iliyofuata wakaja. Walikuja na akala, na gamboti zenye matope ya shambani, na viatu vilivyofungwa kwa waya. Kimeu alikuja, akakaa karibu na dirisha kwa hiari yake. Kavutha alitandika mikeka ya katani mlangoni, akapata vitambaa na ndoo, akaifuta sakafu kwa maji asubuhi, adhuhuri na jioni, akiinama kati ya miguu ya watu walioinua visigino bila kuacha kuandika. Visanduku vya kompyuta vilivyokuwa vimekaa sakafuni aliviinua akaviweka juu ya meza. Hata hivyo udongo ulipata njia. Mashine moja ilianza kunguruma kama mzee wa pumu, na siku moja ikanyamaza. Aliifungua, akaona vumbi jekundu limelala ndani yake laini kama manyoya ya kifaranga. Alilia kidogo, peke yake, na hakuna haja ya kumcheka. Aliyekipenda kitu akakitoa kitumike ana haki ya kukililia.

Mkaguzi alifika siku ya soko, mtu mrefu mwenye suti ya kijivu na miwani. Alisimama kizingitini. Hakukuwa na kiti kitupu. Wengine walikuwa wamepanga foleni hadi kwenye rafu za vitabu, na hewa ilikuwa na harufu ya udongo, jasho na maparachichi. Kwenye nuru ya dirisha vumbi lilielea, lenye rangi ya dhahabu, likipanda na kushuka juu ya vichwa vya watu.

"Sakafu hii," akasema.

"Imefutwa asubuhi," Kavutha akajibu. "Itafutwa tena saa sita."

"Na ile imekufa?"

"Imekufa kwa vumbi. Ni mimi ninayesimamia, niandike mimi."

Mkaguzi akaingia. "Nataka kujaribu mashine moja. Mwambie huyo mama aondoke kidogo." Alikuwa akimwonyesha Ngina.

Bwana Bartholomew alifunga macho. Kavutha aliliona lori. Aliliona kwa uwazi kabisa, likirudi nyuma chini ya mijakaranda. Akaona pia kwamba angeweza kulizuia kwa neno moja dogo la adabu kwa mwanamke mmoja, ambaye angeinuka bila kinyongo.

"Kuna foleni, bwana," akasema. "Wa mwisho ni yule kijana wa shati la bluu. Wewe uko nyuma yake."

Watu wote waliacha kuandika. Mkaguzi alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Halafu akaenda akasimama nyuma ya kijana wa shati la bluu.

Alingoja muda mrefu. Mwanzoni alitazama saa. Baadaye akaanza kutazama juu ya mabega ya watu: Kimeu akiomba kazi Mombasa, kasisi akitafuta dawa ya presha, Ngina akimweleza Mwikali, kidole kwa kidole, kwamba miparachichi imezaa na ng'ombe ameingia tena kwa jirani. Zamu yake ilipofika alikaa, akagusa kibodi, akaona vidole vyake vimekuwa vyekundu. Aliinuka akampisha aliyekuwa nyuma yake.

"Hizi hazitoki hapa," alimwambia Bwana Bartholomew wakiwa kwenye korido. "Ile iliyokufa nitaichukua, huenda fundi akaifufua. Na huyo mama wa ndoo, mtafutieni msaidizi."

Msaidizi hakuja, ahadi za ofisi kuu zilijulikana. Kavutha hakuyasikia maneno ya mkaguzi wakati huo. Alikuwa amepiga magoti chini ya meza ya dirishani na kitambaa chenye maji, akimwambia Kimeu ainue mguu, na Kimeu, bila kuondoa macho kwenye skrini, alikuwa akiuinua usio wenyewe.

"Ule mwingine, Kimeu."

"Pole, madam," akasema Kimeu, akaunyanyua.